Tumbo Langu na Robine ya Nyabiondo

Kama leo umeambiwa una tifoide, ile homa ya matumbo, na umekaa kwenye benchi la hospitali ukiangalia vidole vya miguu yako, nisikilize kwanza mimi. Nilikaa kwenye benchi hilo. Nilipasuliwa, nikakonda mpaka pete ya ndoa ikawa inateleza kidoleni, nikanyonyoka nywele, na leo nakuandikia nikiwa nimetoka kula sahani nzima ya maharagwe na bugali. Kwa hiyo usianze kugawa vitenge vyako. Kuna watu wanavitaka, nawajua, lakini waache wangoje.

Watu wananiita Mama Ushindi, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. Nimezaliwa Itebero, msituni kule Walikale, nikaolewa Nyabiondo, kwenye vilima vya Masisi. Wakwe zangu walinitania miaka mingi kwamba nilikuja nikiwa sijui kupanda kilima bila kushika nyasi. Utani ulipungua siku nilipopewa ufunguo wa robine ya mtaa wetu, lile bomba la maji ya watu wote. Maji yake yanatoka chemchemi ya juu mlimani na kushuka ndani ya tiyo, mpira mrefu uliofukiwa ardhini. Kazi yangu ilikuwa kufungua asubuhi, kufunga jua linapokuwa kali ili tangi lijae, na kufungua tena alasiri. Nilipanga foleni, nikaamua ugomvi, nikasugua sementi mpaka ikang'aa. Kila mtu nilimjua kwa bidoni yake, dumu lake la kutekea maji: nani anaziba kwa gunzi la mahindi, nani bidoni yake ilitoboka akaichoma kwa kisu cha moto ili ijizibe.

Na maji yenyewe yalikuwa ya kujivunia. Meupe, baridi, unayatia kwenye glasi unaona mkono wako upande wa pili. Mgeni akija nilimpa maji kabla ya kumpa kiti. Ya mtoni ndiyo tulikuwa tunachemsha, tena siku tukikumbuka. Ya robine, nani angeyachemsha? Ingekuwa kama kumtukana aliyetuletea.

Homa ilinikuta tukipanda maharagwe, mvua zikiwa zimeanza kwa nguvu. Kwanza kichwa, halafu mgongo, halafu uchovu wa ajabu, mpaka nikalala shambani kwenye mfereji, jembe likiwa mkononi. Tukasema malaria, nikanywa dawa ya malaria. Homa ikaendelea kupanda kila jioni. Chakula nilikiona adui. Mume wangu, Papa Ushindi, ni mtu mpole anayeongea na ng'ombe zaidi ya anavyoongea na watu, lakini siku hizo alikuwa anakuja kitandani na kusimama tu, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa mbele ya mwalimu.

Aliyekuwa na maneno ni mama yake. Mtaa mzima unamwita Koko, na hakuna anayebishana naye, hata chefu wetu, mkuu wa mtaa. Koko alikaa karibu na kitanda changu akaanza kurudi nyuma, siku kwa siku, kukumbuka nilikula nini na nilikunywa wapi. Akafika kwenye kikombe cha Mama Sifa.

Mama Sifa ni rafiki yangu. Ni mjane, alifika kwetu akikimbia vita na watoto wake, akapewa kipande cha ardhi kwenye kilima cha ng'ambo. Ana ng'ombe mmoja na anauza mashanza, maziwa ya kuganda. Tunaimba pamoja kanisani, yeye sauti ya juu, mimi ya chini. Siku chache kabla ya homa, baada ya mazoezi ya nyimbo, alinipa kikombe cha mashanza. Alifanya kama inavyofanywa kwetu: anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakupa, ujue hakuna sumu. Alionja, akafuta mdomo, akanipa. Nikamaliza kikombe chote.

"Alionja, lakini yeye hakugonjwa," Koko akasema. "Unaona? Iko na dawa ya kujikinga. Ile ni karuho."

Karuho ni sumu ya kienyeji ambayo huku kwetu inasingiziwa kila tumbo lisilopona. Papa Ushindi alijaribu.

"Mama, tumupeleke kwanza ku santre ya afya."

"Ku santre banajua karuho? Bale banajua tu malaria na serumu. Muke yako anakufa, na weye unaniambia santre!"

Basi akaletwa mtu wa majani. Nilinyweshwa kitu kichungu, nikatapika mpaka nikawa natapika hewa, kisha nikanyweshwa tena. Sitaki kumsema sana mtu yule. Lakini wewe unayesoma, kama homa inakaa mwilini na tumbo linauma, usiache siku zipite ukitapishwa. Siku zile nilizitaka baadaye, wakati nilipokuwa nazihitaji, na hazikurudi.

Mama Sifa alisikia ninaumwa, akaja na uji. Mimi nilikuwa ndani, sina hata nguvu ya kugeuza shingo, lakini masikio yalikuwa mazima.

"Nimemuletea tu kauji kidogo, Koko."

"Kunywa weye uji yako! Mulango yangu usiikanyage tena, mulozi weye! Batu bote basikie: huyu mama njo aliua muke ya mutoto yangu!"

Nilikuwa sijafa bado, lakini hakuna aliyeniuliza. Nilitaka kupiga kelele kwamba si kweli. Nilifungua mdomo, ikatoka pumzi. Nililia bila machozi, maana hata machozi yalikuwa yamekauka. Ugonjwa huu unakuchukua sauti kabla ya kukuchukua nguvu, na kwangu mimi, mtu wa kupanga foleni, hilo liliniuma kuliko tumbo.

Neno likiisha kusemwa kwenye mlango kwa sauti ya Koko, limefika kila kilima. Chefu aliamua baraza likae baada ya mavuno ya maharagwe, kusikia kama Mama Sifa abaki au aondoke. Kwetu kuondoka kwa namna hiyo ni kubaya. Jina linakutangulia, na kilima kingine hawakupokei.

Halafu asubuhi moja kitu kilikatika ndani yangu. Siwezi kueleza vingine. Tumbo lilikuwa laini na lenye kelele, ghafla likawa gumu kama mbao, na maumivu yakanipeleka mahali ambapo hakuna maneno. Papa Ushindi aliniangalia mara moja tu. Hakumuuliza mama yake. Alitoka, na nilimsikia, yule mume wangu mpole, akipiga kelele njiani kama mtu aliyeunguliwa na nyumba.

Mvua ilikuwa imekata barabara na moto, zile pikipiki za abiria, hazikuweza kufika. Vijana wa mtaa wakaja na kipoyi, machela ya miti na blanketi. Niliwatambua mmoja mmoja nikiwa nimelala, nyuso zao juu yangu, na wote walikuwa watu wa foleni yangu. Yule ambaye kila siku alikuwa anajifanya mgonjwa wa mgongo ili apite mbele, ndiye aliyebeba upande wa kichwa bila kubadilishana mpaka matope yakaisha. Walikuwa wanateleza, wanaimba, wanatukana mvua, wanaomba msamaha kwa kutukana, wanaendelea. Tulipopata njia nzuri wakanifunga katikati ya watu wawili kwenye moto mpaka Masisi. Mtu akiniuliza utajiri wa Nyabiondo ni nini, simtajii maziwa wala jibini. Namtajia mabega yale.

Hospitalini walinibonyeza tumbo mara moja na kunipeleka kupasuliwa. Daktari alisema utumbo ulikuwa umetoboka. Ya katikati siyajui. Nilipoamka nilikuwa na mpira puani, serumu, yale maji ya dripu, mkononi, na mshono kutoka juu ya kitovu mpaka chini kabisa. Nilikuwa na kiu ambayo sijawahi kuiona. Nikakatazwa kunywa. Waliniloweshea midomo kwa pamba, na nilikuwa naing'ang'ania pamba ile kwa meno kama mwana-mbuzi.

Mama yangu mzazi alifika kutoka Itebero akiwa ametembea sehemu kubwa ya njia, miguu imevimba, mgongoni kikapu cha ndizi na nyama iliyokaushwa kwa moshi. Aliniangalia kitandani, kisha akamwangalia Papa Ushindi.

"Mukwe wangu, mimi nilikupatia binti muzima. Sasa huyu mufupa iko ya nani?"

Mama akaweka kikapu chini, akamshika bega. "Kaa, kula ndizi. Weye pia umekuwa mufupa."

Baada ya hapo nilijua nitapona, kwa sababu mama yangu alikuwa amehamia.

Nikuambie sasa jambo ambalo hakuna aliyenieleza kabla, na wewe litakusaidia. Ukipasuliwa tumbo, madaktari hawangojei ufumbue macho wala useme asante. Wanangojea hewa itoke nyuma. Isipotoka, huli, hunywi, hufanyi lolote. Kila asubuhi daktari alipita na daftari lake, kijana msafi mwenye adabu, akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, hewa imetoka?" Nami najibu, bado. Mama yangu akavumilia siku ya kwanza. Siku iliyofuata akamkamata mwuguzi.

"Ni hewa gani mutoto yangu anaulizwaka kila siku?"

Mwuguzi akamnong'oneza.

"Aaa! Kujamba! Si museme tu! Mulinitisha!"

Chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka nikishika mshono kwa mikono miwili, nikilia kwa maumivu na kucheka bado. Tangu hapo wanawake wa chumba kile, wagonjwa na ndugu waliowauguza, wakaingoja hewa yangu kana kwamba ni mtoto anazaliwa. Ilipotoka, ilikuwa mchana, kila mtu yupo. Mama akasimama katikati ya vitanda.

"Imetoka! Batu ba Mungu, imetoka!"

Vigelegele vikapigwa. Nimeolewa kwa harusi nzuri, nimezaa watoto wazima, lakini sikumbuki kushangiliwa namna ile. Siku ile nilipewa vijiko vya uji mwepesi, na nikuambie, sijala kitu kitamu kama uji ule tangu nizaliwe.

Kisha ukaja wakati mrefu wa kidonda. Sehemu ya chini ya mshono ilikataa kufunga, ikawa inatoa maji, na kila siku ilibidi nikae kwenye benchi nje ya chumba cha kufungia vidonda, tunakoita pansema. Huko ndiko nilipoona mwili wangu mpya. Miguu miembamba kama ya korongo. Kucha zenye mistari. Nywele zilianza kubaki kwenye kitambaa, fundo kwa fundo, mpaka siku moja mama akakopa wembe akaninyoa zilizobaki, akisema kichwa changu kina umbo zuri na ni hasara nilikuwa nakificha.

Kwenye benchi lile nilimkuta Papa Bahati, mkulima wa mtaa wetu, naye amepasuliwa tumbo. Pembeni yake Mama Chantal, mwenye duka la chumvi na sabuni. Hakupasuliwa, lakini alikuwa ameletwa akiweweseka na bado anashikwa mkono ili atembee. Tulisalimiana kwa furaha ya watu waliokutana ugenini. Halafu tukaanza kuulizana.

"Mimi ni ndugu yangu njo aliniloga," Papa Bahati akasema. "Juu ya shamba ya baba. Alinipatia pombe ya kasiksi, akaonja kwanza. Mwizi!"

"Mimi ni muke mwenzangu," akasema Mama Chantal. "Alinipikia sombe, majani ya muhogo. Na weye?"

"Mimi banasema ni Mama Sifa, na mashanza yake."

Kila mtu na mlozi wake. Ndugu wa Papa Bahati na Mama Sifa hawajuani hata kwa salamu. Mke mwenza wa Mama Chantal anakaa ng'ambo ya soko. Walozi watatu tofauti, na sumu moja, inayotoboa tumbo lile lile kwa homa ile ile? Nikawaangalia wenzangu wale wawili waliokonda, na ghafla nikaacha kuona nyuso zao. Nikaona bidoni zao. Ya gunzi la mahindi. Ile iliyozibwa kwa kisu cha moto. Nikaziona kwenye sementi yangu, moja nyuma ya nyingine, asubuhi, mbele ya robine niliyoifungua kwa mkono wangu.

"Ni maji," nikasema.

"Maji gani?"

"Maji yetu. Ya robine."

Papa Bahati alicheka mpaka akajishika tumbo. Maji yale meupe? Lakini mwuguzi wa pansema alikuwa amesimama mlangoni na mkasi wake, akasema taratibu kwamba na wao walikuwa wanajiuliza, maana tangu mvua zianze wagonjwa wa mtaa wetu walikuwa wengi kuliko wa mitaa mingine, na kila mmoja akiulizwa anakunywa maji gani anajibu kwa kujivuna: ya robine.

Unafikiri niliona aibu? Hapana. Nilikasirika. Hasira safi, yenye afya, ya kwanza tangu nianguke shambani, na nikajua sauti yangu inarudi.

Nilimtuma dereva wa moto kwa Papa Ushindi, ambaye alikuwa amerudi kuangalia watoto na ng'ombe: robine ifungwe, na Koko aambiwe amwache Mama Sifa. Jibu likarudi kupitia dereva yule yule. Ufunguo alikuwa nao mtu wa komite ya maji, naye alisema hawezi kufunga robine kwa neno la mgonjwa. Na Koko alikuwa amesema homa imenipanda kichwani. Mama Sifa alikuwa ameanza kufunga sufuria zake.

Kuanzia siku ile nilikuwa na kazi moja: kufika Nyabiondo kabla ya baraza. Kidonda hakikujali. Kila nilipomwuliza daktari, alifunua, akanusa, akatikisa kichwa. Mama ndiye aliyekuwa kalenda yangu. Alitoka kila asubuhi kutafuta kuni za kupikia, na akirudi ananipa habari za mashamba. Maharagwe yametoa maua. Maharagwe yameanza kubeba. Halafu siku moja akarudi, akakaa chini na kuni zake.

"Majani je?" nikauliza.

"Imeanza kuwa manjano."

Nikamwita daktari nikamwambia ninaondoka. Alinikatalia. Nikamweleza habari yote, na kikombe, na baraza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuleta vitambaa vya kufungia kidonda vya kutosha, akamfundisha mama yangu kuvibadilisha, akanikataza kubeba kitu chochote kizito mpaka aniruhusu mwenyewe. Wema wa namna hiyo hausahauliki. Angeweza kuniambia shauri yako.

Mama alinifunga kitenge tumboni mpaka nikawa nasimama wima kama askari. Nilipanda moto, mama nyuma yangu akinikumbatia, na kwa kila jiwe la barabara nilimtaja Mungu kwa jina.

Baraza lilikuwa limekwisha anza. Watu wote wapo, mashina ya maharagwe yamelundikwa kwenye nyua, yanakauka. Mama Sifa alikuwa amekaa peke yake upande mmoja, watoto wake nyuma yake, macho chini. Koko amesimama.

"Alionja, akabakia muzima. Muke ya mutoto yangu akaanguka. Munataka nini ingine?"

"Mumuulize mwenyewe," nikasema.

Walivyogeuka! Wengine walikuwa wamesikia nimezikwa. Nilitembea mpaka katikati. Kwanza nikavua kitambaa, wakaona kichwa. Kisha nikafanya jambo ambalo mwanamke wa watu hafanyi mbele ya wazee: nikalegeza kitenge na kupandisha blauzi kiasi cha kuonyesha mshono. Wanaume wakaangalia chini.

"Muangalie!" mama yangu akapaaza sauti. "Munaogopa nini? Na ninyi muko na tumbo!"

"Hii tumbo ilitoboka," nikasema. "Ya Papa Bahati pia. Mama Chantal bado iko opitali. Kama ni Mama Sifa, alibapatia bote mashanza wapi? Habajue hata mulango yake." Nikamgeukia rafiki yangu. "Mama Sifa, weye maji unatekaka wapi?"

Alijibu kwa sauti ndogo. "Ku chemchemi ya kule kwangu, chini ya migomba. Robine iko mbali."

"Ulishakunywa maji ya robine?"

"Hapana. Hapa si mutaa yangu."

Nikashusha blauzi, nikafunga kitenge tena. Niliona jambo lile likipita kutoka uso hadi uso. Alibaki mzima kwa sababu hakuwa wa foleni yetu. Nyuma akasimama mke wa Papa Bahati, akasema mume wake naye hakulogwa. Akasimama mtu mwingine ambaye mtoto wake alikuwa na homa nyumbani wakati ule ule. Chefu akavua kofia, akaivaa tena.

"Twende tuone ile tiyo," akasema.

Wanaume walipanda wakifuata tiyo kuelekea chemchemi, wengine nyuma yao, na mimi nikabaki chini na pumzi zangu. Walichokuta kila mwanamke wa mtaa alikijua na hakuna aliyekifikiria. Kwenye bonde, chini ya nyumba mpya zilizojengwa mteremkoni na vyoo vyake, kulikuwa na shimo la kuloweshea mihogo. Shimo linahitaji maji, na tiyo inapita palepale. Basi ilitobolewa tundu dogo, ikazibwa kwa kipande cha mgomba na kufungwa kwa mpira wa tairi. Ukitaka maji unazibua, ukimaliza unaziba. Mvua ikinyesha, uchafu wa vyoo unashuka shimoni, na tiyo inalala ndani yake. Fundi wa maji alieleza kwamba maji yakipungua kwenye tiyo, tundu lile linanyonya kila kilicho nje. Aliyetoboa hakujulikana, na chefu hakuuliza sana, kwa kuwa mihogo iliyokuwa ndani ilikuwa ya nusu ya mtaa.

Mama Sifa akaambiwa abaki. Koko aliondoka barazani bila kuaga mtu.

Mimi nikachukua ufunguo wangu nikafunga robine. Nilitukanwa, wacha nikuambie. Watu wale wale waliolia kuona mshono wangu, kesho yake waliniambia nina roho mbaya, kwamba maji yanaonekana meupe, kwamba watachemsha, kwamba nifungue kidogo tu. Nilikaa juu ya sementi na kichwa changu cha kunyolewa, ufunguo umefungwa kwenye kona ya kitenge. Nilikataa mpaka tundu lizibwe kwa kifaa cha kweli, shimo lihamishwe chini ya mtaa, na tangi lisafishwe na kutiwa dawa. Najivunia siku zile kuliko miaka yote niliyoifungua.

Watu walikunywa nini wakati huo? Kulikuwa na mahali pamoja tu. Kilima cha ng'ambo, chini ya migomba, na njia ya kufika inakatiza katikati ya ua wa Mama Sifa. Siku ya kwanza walipita wakiangalia chini. Yeye alikuwa anafagia. Akaweka ufagio, akaanza kuwaonyesha mahali pa kukanyaga wasichafue maji, nani atangulie, nani angoje. Akanitazama mimi, niliyekuwa nimekaa pembeni kwa sababu ya marufuku ya kubeba, akasema, "Kazi yako iko nguvu, dada." Nikamwambia apandishe sauti, hawasikii.

Koko hakuja. Alikinga maji ya mvua, akatuma wajukuu, akasema miguu inauma. Halafu mvua zikakatika, wajukuu wakaenda shamba, na asubuhi moja nikamwona anapanda, bidoni tupu mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Alijaza bidoni yake mwenyewe bila kumtazama mtu. Akapita kwenye ua, akafika karibu na njia. Hapo akasimama. Akaishusha bidoni chini, akageuka, na sauti ile iliyofika kila kilima ikatoka tena.

"Batu bote basikie. Mimi njo nilisema huyu mama ni mulozi. Nilimusingizia. Nilisema uongo ku mulango yangu, na leo ninaiondoa ku mulango yake."

Koko akaangalia bidoni yake iliyojaa. Kuishusha alikuwa ameweza. Kuitwika tena peke yake, kwa umri wake, hakuweza, na wote tulijua. Mimi nilisimama kwa mazoea, mama yangu akanivuta chini kwa kitenge.

Mama Sifa alitoka kwenye foleni. Alipiga magoti nyuma ya Koko, akaiinua bidoni mpaka mgongoni, akaishikilia hapo huku Koko akipanga kamba kwenye paji la uso, taratibu, bila haraka.

"Iko sawa?" akauliza.

"Usiachilie kwanza," Koko akasema.